Nyumba Iliyokosa Mwenyewe

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huo msemo kwetu haukuwahi kufika. Kwetu mgeni alikaa apendavyo, na jembe tulilishika sisi tangu siku aliyoshuka na masanduku yake mpaka siku aliyoondoka pua imemchubuka kwa jua.

Nyumba yetu iko pale mto unapoingia baharini, kwenye mji ambao watu wa mijini huja kupumzika. Msimu wa likizo barabara ya mtoni hujaa kofia, maboya ya watoto na watu wazima wanaotembea na kaptura bila haya. Msimu ukiisha maduka hufungwa, na mji hubaki na sisi na mbwa. Baba alikuwa fundi bomba. Aliijenga nyumba ile chumba baada ya chumba kwa miaka mingi, na kila chumba kilipokamilika kilipewa mgeni. Cha juu, chenye roshani inayotazama mlango wa mto, ndicho kilichokuwa kizuri kupita vyote. Sisi tulilala stoo, nyuma ya jiko.

Mama alikuwa na neno lake. Lango likilia alisema, "Haya, poteeni." Hakulisema kwa ukali, alilisema kama mtu anayewaambia wanawe wakanawe mikono. Kaka yangu alikusanya vitabu, mimi nikabeba viatu vya wote, na mdogo wetu, ambaye mpaka leo tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alipanda kiti akashusha picha za familia ukutani. Misumari ilibaki, na juu ya misumari hiyo hiyo zilipanda picha za maua ambazo Mama alizinunua kwa kazi hiyo. Kabla mgeni hajamaliza kufuta miguu, ndani hapakuwa na dalili kwamba kuna mtoto aliyewahi kupiga chafya. Tulikuwa hodari kupita kiasi. Mgeni mmoja aliyekuja kila mwaka alimuuliza Mama, kwa huruma kabisa, kama Mungu hakumjalia watoto. Mama alitusimulia stoo huku anacheka mpaka machozi yanamtoka, nasi tukacheka naye, kwa sauti ya chini, maana mgeni alikuwa bado yuko juu.

Nawaambia haya ili mjue sisi ni watu wa namna gani. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Baba alipofariki, Mama aliendelea na wageni peke yake. Kaka alishapata kazi ya bima mjini, Kitinda akaolewa mbali, na mimi nikabaki hapa hapa, dobi katika hoteli kubwa, nikiishi kwenye chumba cha kupanga karibu na soko na kupita kwa Mama kila nikitoka kazini. Basi siku moja Mama aliteleza kwenye ngazi akiwa amebeba mashuka. Kifundo cha mguu kilivunjika. Kilipona, lakini kilipona upande, na Kaka akaja na uamuzi wake tayari mfukoni: nyumba iuzwe, Mama ahamie kwake.

"Mama amechoka," alisema. "Paa linavuja, ngazi zitamuua. Kwangu kuna chumba, kuna wajukuu. Unataka nini zaidi?"

"Nataka umuulize mwenyewe," nilimwambia.

"Nimemuuliza. Kasema tutakavyoamua ni sawa."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Kila mtu aliyelala katika nyumba ile anajua kwamba Mama husema hivyo kwa watu wote. Ukimuuliza chai au kahawa atasema chochote kilichopo. Ukimuuliza kama unamkanyaga atasema si neno. Baba alituachia nyumba sisi wote wanne, na haikuweza kuuzwa bila saini ya kila mmoja. Kaka alishatia yake. Kitinda alitia ya kwake kwa kuwa Kitinda hajawahi kumbishia Kaka tangu azaliwe. Mama naye alitia. Nikabaki mimi, na mimi nikakaza shingo. Nilisema sitatia saini mpaka nimsikie Mama, kwa mdomo wake, akisema anataka kuondoka. Nilikuwa na hakika hatasema. Ile nyumba ndiyo maisha yake. Kumtoa pale, niliwaambia, ni kumzika akiwa anapumua.

"Basi waje tu kuiona," Kaka alinisihi. "Kuona si kununua."

Nilikubali, nikiomba mvua inyeshe siku hiyo ili wauone vizuri ule uvujaji.

Haikunyesha. Kulipambazuka jua kali na mto umetulia. Kaka alikuja na Kitinda tangu jana yake, na asubuhi hiyo tulifanya usafi. Hakuna aliyemwambia mwenzake afanye nini. Mimi nilitandika vitanda, maana kwa kutandika sina mpinzani. Shuka langu ukilidondoshea sarafu inaruka. Kaka alifuta vioo. Kitinda alizunguka na kapu, akitia dawa za Mama, miwani yake, ndala zake, kitenge chake kilichoning'inia nyuma ya mlango. Picha ya Baba ilishuka. Maua yakapanda. Mama aliosha glasi, akavaa ile aproni yake nyeupe, akakata machungwa ya juisi.

Lango likalia, na sote tukanyooka.

Dalali alikuwa wa mjini, ametafutwa na Kaka kwa simu, hakuwa amewahi kukanyaga kwetu. Wanunuzi walikuwa mke na mume. Mke ni daktari wa meno, mwanamke wa umri wangu hivi, mwenye sauti laini na macho yanayoona kila kitu. Mume alikuwa mpole, mikono nyuma, akiitikia. Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia. Nilishindwa, na hilo liliniudhi zaidi. Daktari alivua viatu bila kuambiwa. Aligusa kuta kwa kiganja kama anayempapasa ng'ombe anayetaka kumnunua, akasema, "Pametunzwa hapa. Pametunzwa kweli."

Mama alipita na sinia.

"Ahsante, mama," daktari alisema akipokea glasi. "Uko hapa siku nyingi?"

"Tangu tofali la kwanza," Mama alijibu.

"Loo! Basi hawa wenye nyumba walipata bahati."

"Ahsante," Mama alisema, akageuka kumpa mume.

Nilimwangalia Kaka. Kaka alikuwa anaangalia simu yake, ambayo haikuwa imelia. Nilimwangalia Kitinda, naye akauangalia ukuta, zile picha za maua. Nikajiambia labda nimesikia vibaya. Tukapanda juu. Mama alipanda nyuma yetu, polepole kwa ajili ya mguu wake, sinia mkononi, akisimama kwenye kila mlango mpaka wageni waingie kwanza. Dirisha lililokuwa gumu alikwenda akalifungua kwa kulipiga kiwiko chini kushoto. Bomba lililopiga kelele alilinyamazisha. Daktari alimtazama akifanya hivyo, akatabasamu kwa mumewe.

Kwenye roshani ya chumba cha mbele walisimama muda mrefu. Kutoka pale unaona maji mawili, ya mto yenye udongo na ya bahari, yakikutana pale kwenye mchanga na kukataa kuchanganyika mara moja. Mimi nimekuwa nikiyaona tangu utotoni, lakini kwa kuiba, nikiingia kubadilisha mashuka.

"Jambo moja," daktari alimwambia Kaka. "Huyu mama. Mnaondoka naye? Nauliza kwa sababu, kama hamna mpango naye, sisi tungefurahi abaki. Anaijua nyumba. Kile chumba cha nyuma ya jiko tungekipaka rangi, tumwekee kitanda kizuri. Hatutamsumbua."

Kaka alifungua mdomo. Nilimwona kwa macho yangu akiufungua, na hakuna kilichotoka. Dalali alisema hilo ni wazo zuri sana.

Nilipiga hatua. Nilikuwa na maneno tayari, na hayakuwa maneno ya kumwambia mgeni. Lakini Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la glasi tupu, na alinitupia jicho. Nalijua jicho lile. Nililiona mara ngapi nikiwa mdogo, nimechelewa kwenye korido na mgeni anapanda ngazi! Nikapotea. Mimi, mtu mzima, mdomo mrefu wa familia, nilishuka ngazi nikaenda jikoni nikasimama karibu na sinki, nikasubiri wageni waondoke.

Walipoondoka nilimrukia Kaka.

"Ulitaka lini kumwambia kwamba huyo ni mama yako? Akishampakia rangi chumba?"

"Nilitaka kusema, mdogo wangu. Wallahi nilitaka. Nikawaza nikisema sasa nitamuaibisha yule mama wa watu mbele ya mumewe..."

"Yule mama wa watu! Na huyu mama yako je?"

"Wewe mbona hukusema?" Kitinda alinigeukia, analia. "Dada, na wewe ulikuwepo."

Nilipandisha sauti. Nilisema haiuzwi. Nilisema nitampigia dalali nimwambie akatafute watu wengine wa kutukana. Nilisema Mama atakaa hapa mpaka Mungu mwenyewe aje amchukue, na anayetaka mgawo wake aje aung'oe ukutani kwa meno.

Mama alikuwa anaosha zile glasi. Alimaliza ya mwisho, akaipindua juu ya kitambaa, akafuta mikono.

"Picha ya baba yenu iko wapi?" aliuliza.

"Stoo," Kitinda alisema. "Nimeiweka stoo, Mama."

"Nani alikwambia uishushe?"

Kitinda alilisogeza kapu nyuma ya miguu yake.

"Na dawa zangu nani kakwambia uzifiche? Na ndala zangu? Wanunuzi hawaogopi ndala." Akatugeukia wote. "Na mimi je? Nani aliniambia nivae hii?" Akaishika aproni kwa vidole viwili. "Hakuna. Lango lililia tu."

Kaka alijaribu. "Mama, yule daktari alikosea, hakujua..."

"Hakukosea. Aliingia humu akamtafuta mwenye nyumba, hakumwona. Vyumba vyote alitazama. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake na sinia, na mimi namtafuta." Alivuta kiti akaketi, mguu wake mbovu ameunyoosha. "Na nitawaambia jambo la aibu. Aliposema nibaki, moyo wangu ulifurahi. Nilianza palepale kupanga mashuka yatakaa wapi. Nikashtuka. Nikajiambia, mwanamke wewe, unaajiriwa nyumbani kwako na unasema ahsante."

Nje boti ya watalii ilipita na muziki wake.

"Uzeni," Mama alisema.

"Unasema kwa hasira, Mama."

"Hasira ni yako, mwanangu, ulitoka nayo tumboni. Mimi nimechoka tu. Ulitaka unisikie kwa mdomo wangu. Haya, umenisikia."

Jamani, iliniuma. Nilimwambia kwamba nimekosana na ndugu zangu kwa ajili yake, kwamba nimekaa mji huu usio na kitu kwa ajili yake na kwa ajili ya nyumba hii.

"Kaka yako aliniuza bila kuniuliza," Mama alisema, bila ukali wowote. "Wewe ukanifunga humu bila kuniuliza. Mimi niliyekaa katikati naona nyote ni mamoja."

Kaka aliona mlango umefunguka. "Basi utakuja kwetu, Mama. Chumba kiko tayari."

"Kipi? Kile cha karibu na jikoni?"

Kaka alitazama sakafu. Ndicho chenyewe, cha karibu na jikoni, na watoto wake wawili wadogo wangekuwa wanampitia kila asubuhi kuomba chai.

"Nitakuja kuwasalimu," Mama alisema. "Nikija nipe chumba cha wageni na usiniamshe mapema." Akacheka kidogo, peke yake. Kisha akatuambia kuna nyumba ya safu ng'ambo ya daraja, ya chini, haina ngazi, vyumba viwili vya kupanga. Aliiona siku alipopelekwa kufunguliwa plasta ya mguu. Dirisha lake linatazama ukuta wa karakana. "Hakuna mto, hakuna bahari, hakuna hata mti," alisema, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwa nimeiona tangu Baba alipokuwa hai. "Hakuna mtalii duniani atakayetaka kulala pale."

Siku hiyo nilirudi chumbani kwangu nikalia mpaka kichwa kikauma. Nililia kwa sababu nilijua ni kweli: aliyekuwa hawezi kuishi bila nyumba ile ni mimi. Mama nilimtanguliza tu, kama mtu anayejificha nyuma ya mzee ili asogezwe mbele ya foleni. Nilikuwa na ndoto moja, na sikuwahi kumwambia mtu, kwamba siku moja wageni wataacha kuja, na sisi tutahamia vyumba vya mbele.

Wanunuzi walirudi kukubaliana. Safari hii hatukushusha kitu. Kitinda alisimama mbele ya picha ya Baba na mikono imemkaa vibaya, akilishika na kuliachia pindo la gauni lake, maana lango lilikuwa limelia na hakuwa na la kufanya. Mama alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti kirefu cha wageni, amevaa gauni la rangi ya zambarau, miwani puani. Hakusimama. Daktari alimsalimu, akasubiri, akatazama huku na huku akimtafuta wa kumkaribisha. Mume wake ndiye aliyeiona picha kwanza. Aliitazama, Baba na mke wake kijana mlangoni pa nyumba isiyo na paa, akamtazama Mama, akamgusa mkewe kiwiko.

"Karibuni mketi," Mama alisema. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Siku ile sikuwepo."

Daktari aliweka mkono mdomoni. Alipiga magoti, kabisa, mtu na heshima zake, akamshika Mama mikono, akaomba radhi, akaanza kulia. Mama alimwinua. Alimwambia hana kosa lolote. Kisha, kwa sababu ni Mama, alimwonyesha lile dirisha gumu na pahala pa kulipiga kiwiko, na akamwambia asimwamini fundi yeyote atakayesema mabomba yabadilishwe, kwa kuwa aliyeyaweka alijua kazi.

Nilitia saini. Herufi za jina langu ziliniendea kombo kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini nilitia.

Tulihama asubuhi, msimu ukiwa umekwisha, barabara ya mtoni tupu. Kaka alileta gari dogo la mizigo. Vitu vya Mama vilikuwa vichache ajabu. Vitanda vyote, viti, sahani, vilikuwa vya wageni, na tuliviacha. Yeye alichukua kile kilichokuwa stoo. Mimi nilimfungia masanduku mawili, nikayabeba, nikatoka nayo uani kwa mlango wa jikoni, nikayaweka chini ya kamba ya kuanikia, nikasimama kumsubiri. Nilitaka kutoka naye, nimshike mkono kwa ajili ya mguu wake. Nilikuwa nimepanga na la kumwambia.

Nilisubiri. Niliita, hakuitika. Nikadhani anazunguka vyumba kuaga, nikamwachia nafasi yake. Jua lilipanda likafika kwenye ukuta wa stoo. Mwishowe nilisikia honi upande wa barabara, ndefu, ya mtu aliyechoka kungoja, na sauti ya Kaka ikiniita jina, akiuliza nimepotelea wapi, Mama yuko garini kitambo.

Alikuwa ametoka kwa mlango wa mbele. Kitinda anasema aliufungua mwenyewe, akasimama kizingitini akautazama mto kidogo, akashuka zile ngazi pana taratibu, akishika ukuta. Wao wawili walimfuata. Mimi peke yangu, katika watoto wote wa nyumba ile, nilikuwa bado uani na mizigo, mlangoni pa jikoni, nikimngoja pale ambapo tumekuwa tukitokea maisha yetu yote, na haikunijia hata mara moja kwamba angeweza kupita kwingine.